Mbwa wa kufariji wagonjwa: aingie chumbani kwa ruhusa ya nani?

MLETA MADA

Wakuu, salaam. Nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Uingereza, na kuna jambo linatugawa kazini. Kila baada ya wiki mbili huletwa mbwa, mkubwa, mpole, manyoya ya rangi ya dhahabu. Anakuja na mwenyewe, mtu wa kujitolea asiyelipwa. Wanazunguka ukumbini, kisha wanaingia vyumba vya wasioweza kutoka kitandani. Wapo wenzangu wanaoona ni baraka, na wapo wanaoona ni uchafu na kuwakosea wazee adabu. Msimamo wangu nautanguliza: mbwa aje, ila asivuke kizingiti cha mtu bila mtu huyo kukubali, au anayemjua vizuri kumkubalia. Ukimya wa mgonjwa usihesabiwe kuwa ndiyo.

Kwa nini aje? Tunaye mzee ambaye mkono wake wa kushoto ulijikunja ngumi baada ya kiharusi. Mnaofanya kazi hii mnajua shida yake: kucha zinachoma kiganja, jasho linavundia ndani, na ukitaka kuosha anapiga kelele kwa maumivu. Mbwa anapomlazia kichwa pajani, mzee huanza kumpapasa kwa ule mkono mzima. Baada ya muda ule mwingine nao unalegea, vidole vinaachia kimoja kimoja. Hapo ndipo ninaposogea na kitambaa cha maji ya vuguvugu. Kwa mzee huyu sijaona kingine kinachofungua kiganja kile bila machozi.

Na jambo lenyewe si la jana. Florence Nightingale, muuguzi maarufu wa Uingereza, aliandika katika karne ya 19 kwamba mnyama mdogo ni mwenzi mwema wa mgonjwa, hasa aliyeugua muda mrefu. Miaka ya 1960 mwanasaikolojia wa watoto wa New York, Boris Levinson, alieleza jinsi mtoto aliyejitenga na watu alivyofunguka mbele ya mbwa wa Levinson, aitwaye Jingles. Kisha yakaja mashirika ya mbwa wa kufariji: Therapy Dogs International ilianzishwa Marekani mwaka 1976, na Pets As Therapy hapa Uingereza mwaka 1983.

Sasa kwa nini ruhusa? Tunaye pia bibi aliyezaliwa Zanzibar. Kiharusi kimemwondolea usemi. Siku ya kwanza mbwa aliingizwa chumbani kwake akaweka kidevu kitandani. Bibi alivuta kanga hadi shingoni kwa mkono wake mmoja wenye nguvu, akanikazia macho. Mwenzangu akasema, "Anaona haya tu, atazoea." Nikamwambia hapana, mtoeni. Nikabadilisha shuka na kanga, nikamsaidia kutawadha upya. Jamaa zake hawakuwa wameulizwa lolote kuhusu mbwa siku walipomleta.

Semeni, ndugu zangu.

MUUGUZI, MOMBASA

Dadangu, nakuheshimu lakini sikubali. Wodini kwetu kuna siku wagonjwa wanalala wawili kitanda kimoja. Kinachowafariji ni saa ya kuwaona wagonjwa: shangazi na chupa ya uji, majirani, watu wa kanisani, shehe, watoto wanaochungulia dirishani kwa sababu askari kawazuia mlangoni. Huko wazee wamewekwa mbali na watoto wao, sasa wanaletewa mbwa ashike nafasi ya mjukuu. Tusiite hiyo tiba. Huo ni upweke, na upweke unatibiwa kwa watu.

MLETA MADA

Kaka, upweke upo, sikatai, na ningefurahi kila mzee wangu angekuwa na shangazi mwenye chupa ya uji. Ila tazama mbwa anaongozana na nani. Mimi asubuhi nina wazee kadhaa wa kuamsha, kuosha, kuvalisha, kunywesha dawa na chai. Kila mmoja nampa dakika chache, nakimbilia mwingine. Mwenye mbwa anakaa na mzee mmoja nusu saa, akisikiliza habari za mbwa waliofugwa shambani kwa baba yake zamani. Na watoto wanakuja, usidhani wote wamewatupa wazazi. Binti anakuja Jumapili kwa baba asiyemkumbuka hata jina, wanakaa wanatazamana, maneno yameisha. Mbwa akiwapo wanapata la kuzungumza.

Kuhusu kuita tiba, hapo nakuunga mkono kwa kiasi. Mapitio ya mwaka 2019 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, juu ya wanyama na wagonjwa wa demensia (maradhi ya kupotewa na kumbukumbu) yalikusanya majaribio 9 yenye watu 305 tu. Yaliona huenda huzuni inapungua kidogo, na hayakupata ushahidi wa wazi kwa mambo mengine. Anayetangaza kwamba mbwa anaponya demensia anawadanganya watu. Kwangu hicho kidogo kinatosha kumfungulia mbwa geti la nyumba, lakini hakitoshi kumlazimisha mtu ampokee kitandani.

DAKTARI WA MIFUGO, MOROGORO

Nichangie upande wangu. Kwanza, hofu ya watu wetu kwa mbwa isidharauliwe. Kichaa cha mbwa kinachowapata binadamu, hadi asilimia 99 ya visa vinatokana na mbwa, na dalili zikishaanza mgonjwa karibu kila mara hufa. Mtu aliyekulia kijijini akaona jirani aliyeumwa na mbwa akifa huku anaogopa maji, usimwambie "usiogope, huyu mpole". Uingereza waliumaliza ugonjwa huo kwa mbwa mwaka 1922. Sisi bado tunahangaika kufikisha chanjo kwa asilimia 70 ya mbwa, kiwango kinachohitajika kukata maambukizi.

Kwa mbwa wa huko, hatari iko kwingine. Kuna minyoo, choa, na bakteria sugu wa MRSA. Mgonjwa wa kwanza anampapasa mbwa mgongoni, wa pili anapapasa palepale, manyoya yamekuwa daraja. Kwa hiyo kila mtu anawe mikono kabla na baada, mbwa asiguse kidonda wala mpira wa mkojo, na kitandani atandikiwe taulo safi la kila mgonjwa. Pets As Therapy hawampokei mbwa wa chini ya miezi 9. Pet Partners, shirika kama hilo la Marekani, wanakataa mbwa anayelishwa nyama mbichi, kwa sababu ya vijidudu kama salmonela, na hawaruhusu mbwa afanye kazi zaidi ya saa 2 kwa siku.

Hili la mwisho watu hulisahau. Mbwa naye ana haki zake hapo. Akipiga miayo na hana usingizi, akilamba midomo na hakuna chakula, akigeuza kichwa kila mkono unapomjia, ameelemewa. Kutomng'ata mtu hakumaanishi anapenda. Atolewe nje akapumzike.

MHUDUMU WA WAZEE, MINNEAPOLIS

Mimi kazini niliambiwa sheria inataka mbwa aingie popote, na nikimzuia nitafukuzwa. Kweli?

MLETA MADA

Hapo mbwa wawili wamechanganywa. Sheria ya Marekani ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1990 inamlinda mbwa aliyefundishwa kazi maalumu kwa ajili ya mtu mwenye ulemavu, kama anayemwongoza asiyeona. Huyo usimzuie, ni macho ya mwenzako. Mbwa anayezunguka kufariji wagonjwa hana haki hiyo. Anaingia kwa hiari ya nyumba husika. Hapa Uingereza, kwa Sheria ya Usawa ya 2010, ni hivyohivyo. Kwa hiyo nyumba inayomwalika inaweza pia kuweka masharti.

MWALIMU WA MADRASA, LEICESTER

Assalamu alaikum. Dada, kumsitiri bibi yetu ulifanya jema, Mungu akulipe. Nirekebishe kidogo: udhu hautenguki kwa kuguswa na mbwa. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu wa pwani, kinachotakiwa ni kuosha mahali palipopata unyevu wake mara saba, moja kwa udongo. Kikavu kikigusa kikavu hakuna kitu. Wafuasi wa Imam Malik wanamwona mbwa aliye hai kuwa twahara, yaani si najisi. Na asije mtu akasema dini inachukia mbwa: watu wa pangoni walikuwa na mbwa wao katika Suratul Kahf ya Qurani, na yule aliyempa maji mbwa mwenye kiu alisamehewa.

Kwa hiyo mfanyakazi Mwislamu akiombwa kushika kamba, ashike, kamba kavu mkono mkavu. Lakini mgonjwa asiyeweza kujigeuza, anayetegemea mwingine kwa kila tone la maji ya kutawadhia, msimwongezee mzigo wa kujitwaharisha ambao hakuuomba.

MLETA MADA

Wa alaikum salaam, shehe. Kidevu kilikuwa na mate, nilipaosha nilivyoweza. Udongo ndio sikuwa nao.

MUUGUZI, MOMBASA

Sijabadilisha msimamo kuhusu upweke. Ila nijibu hili: mgonjwa hasemi, hana jamaa, hakuna anayejua alilelewaje. Huyo ruhusa yake utaipata wapi?

MLETA MADA

Swali hilo nimezungumza na mwenye mbwa mwenyewe, maana mwanzoni nilitaka mlango wa namna hiyo ufungwe kabisa. Tukakubaliana hivi. Mbwa anaketishwa nje, koridoni, mahali anapoonekana kutoka kitandani, kamba imeshikwa fupi. Mimi nakaa ndani, upande wa kichwa cha mgonjwa, namwangalia yeye, simwangalii mbwa. Akivuta shuka, akigeuka ukutani, pumzi ikibadilika, naonyesha ishara wanaondoka, na naandika kwenye faili lake ili zamu ya usiku nao wajue. Akinyosha mkono, wanasogea hadi mlangoni wanasimama tena. Akinyosha tena, wanaingia.