Tupeane uzoefu: ndugu yako aliyeishi kwa kupigania afya za watu, unamkumbukaje?

Kitinda Mimba: Leo nikipanga nguo za marehemu mama mkubwa nimekuta daftari lake la wagonjwa wa kifua kikuu kwenye mfuko wa koti. Hakusomea udaktari, alijitolea tu. Dozi miezi 6, na hakubali neno "nishameza". Anakaa mbele yako, unameza, unafungua mdomo, unainua ulimi, anachungulia, ndipo anatia tiki. Siku ya mazishi lilikuja jibaba hatulijui, likasimama kando ya kaburi, likafungua mdomo na kuinua ulimi. Tulicheka huku tunalia. Wa kwenu je?

Doto: Shangazi huyo huyo! Ukikohoa zaidi ya wiki 2 hakusalimii, anauliza makohozi umepeleka wapi.

Mjukuu Mtukutu: Bibi yangu alifundisha wazazi maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha. Kijiko kimoja chumvi, sukari unakadiria.

Mkunga Mstaafu: Weee, usipoteze watu! NUSU kijiko cha chai chumvi, vijiko 6 vya chai sukari, lita 1 ya maji safi. Chumvi ikizidi unamuumiza mtoto. Pakiti za ORS, zile za unga wa chumvi na sukari uliopimwa tayari, zikiwepo tumia hizo.

Mjukuu Mtukutu: Alikadiria na tumekua.

Mkunga Mstaafu: Mmekua, na ubishi.

Mpwa: Mmenigusa. Mama mdogo alizunguka kila mkutano akielimisha kuhusu kiharusi. Anapindisha mdomo, analegeza mkono, anaburuza maneno, watoto wanakufa kwa kicheko. Jioni moja tuko mezani, maneno yakaanza kumvurugika. Wakubwa wote tukacheka, tukajua ndiyo igizo lake. Mjukuu wake mdogo hakucheka. Akasema, "Bibi, inua mikono yote miwili." Mmoja ukapanda, mwingine ukabaki mezani umelala karibu na kijiko. Mtoto akageuka kuangalia ukutani: "Saa ngapi? Andikeni saa!" Bibi ndiye aliyemfundisha, maana sindano ya kuyeyusha damu iliyoganda ina ukomo, saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Tukafika mapema kabisa. Kipimo cha kichwa kikaonyesha si damu iliyoganda, ni mshipa umepasuka, na hapo sindano ile haiguswi. Alituaga alfajiri.

Doto: Yule mtoto jamani 😭

Mzee wa Pembeni: Pole sana. Dawa za presha alikuwa anameza?

Kitinda Mimba: Mzee, swali gani hilo?

Mpwa: Mwacheni. Alikuwa ameziacha, alijiona mzima.

Mzee wa Pembeni: Ndicho ninachosema. Watetezi wanapima wote ila nafsi zao. Presha haiumi, ndiyo ujanja wake.

Mkunga Mstaafu: Ukweli huo, ila ungesubiri hata kesho.

Binti Mkwe: Baba mkwe anadai mashine ndiyo inayompandisha presha. Mwenye mbinu?

Mjukuu Mtukutu: Mpime akiangalia mpira.

Mkunga Mstaafu: Timu yake ikifungwa je? Atulie dakika 5 kwanza, aegemee kiti, miguu isipishane, mkono uwe usawa wa moyo, asiongee.

Binti Mkwe: Asiongee? Huyu baba? Basi tena.