Meza au sanamu? Naomba ushauri wenu

Habari za leo wakuu. Mimi ni fundi seremala, nachonga samani kwa mkono, kila moja na umbo lake. Kuna mteja ameniagiza meza ya sebuleni. Anataka mgeni akiingia aishangae kama sanamu, ila vikombe na magazeti vikae juu yake kila siku.

Ubao niliouchagua una ufa mrefu kutokea ukingoni, na kwangu mimi huo ndio uzuri wake. George Nakashima, yule fundi wa Marekani, alikuwa anaacha nyufa za namna hii wazi, anazibana tu na vipande vya mbao vyenye umbo la kipepeo. Mteja yeye anapendelea nijaze rezini, ile gundi ya maji inayokauka ikawa ngumu kama plastiki, eti makombo yasiingie. Rezini naona inaua uhai wa mbao, tena ubao unatanuka na kusinyaa hewa ikibadilika unyevu, kwa hiyo naogopa itakuja kuachana pembeni.

Jingine ni umaliziaji. Vanishi inahimili maji, lakini ikichubuka kuirudishia ni kazi. Mafuta ya kitani yanaonyesha vizuri mistari ya asili ya mbao na marekebisho ni msasa kidogo tu, ila kikombe cha moto kinaacha duara.

Waliowahi kutengeneza vitu vya aina hii, mngefanyaje? Na bei mnapangaje: kwa saa za kazi kama samani ya kawaida, au kama kazi ya sanaa? Hapo ndipo nimekwama zaidi.