Orodha: ibadilishwe palepale au turudishiwe mpya?

Kinyonga: Kwenye lugha ya programu ya Python ukiandika `a = a.sort()` ili kuipanga, unabaki na None (yaani hakuna kitu) mkononi, orodha imekwenda. JavaScript ndiyo balaa zaidi: `b = a.sort()`, unadhani unazo mbili, kumbe ni ileile yenye majina mawili. Kila mbinu irudishe orodha mpya, basi. Wanaotetea kubadilisha palepale bado wanaishi enzi za kompyuta zenye kumbukumbu ya kilobaiti 64.

Fundi Chuma: Mkuu, hizo kilobaiti zimenichoma. Vitu milioni 1, kielekezi kimoja (anwani ya kitu kwenye kumbukumbu) baiti 8: nakala moja ni megabaiti 8. Sasa ongeza kimojakimoja ndani ya kitanzi huku unanakili orodha nzima kila mara. Vitu 10,000 tu, umeshanakili vielekezi karibu milioni 50.

Kinyonga: Nani kakutuma unakili nzima? Vekta, yaani orodha, ya lugha ya Clojure ni mti, kila kifundo matawi 32. Ukibadilisha kimoja, inanakiliwa njia ya kukifikia tu.

Siafu: Mnagombana bure. Lugha ya Ruby ilishamaliza: `sort` inarudisha mpya, `sort!` inabadilisha palepale. Alama ya mshangao, kazi kwisha.

Fundi Chuma: Kwisha wapi? `uniq!`, ya kuondoa marudio, isipoyakuta inarudisha nil (hakuna kitu). Andika `a.uniq!.first`: majaribio yanapita yote, siku data ikija safi programu inaanguka. Na `push` na `delete` zinabadilisha bila mshangao wowote.

Siafu: Mshangao haumaanishi "inabadilisha". Unamaanisha "yupo mwenzangu mpole kuliko mimi". Tusome kwanza, ndugu.

Kinyonga: Yaani umebadilisha maana ndani ya dakika mbili. Palepale kabisa, bila hata kuturudishia mpya.

Mpita Njia: 😂 Ila majina ndiyo ugonjwa wenyewe. `sort` na `sorted` za Python, tofauti ni herufi mbili. Na `reversed` yake, ya kugeuza mpangilio, hairudishi hata orodha: ukishaipitia mara moja, ya pili unakuta tupu. Afadhali `toSorted` ya JavaScript ya 2023.

Fundi Chuma: `toSorted` ni nakala ya juujuu. Gusa `mpya[0].jina`, na kitu kile kwenye orodha ya zamani kimebadilika. Na usipoipa kanuni ya kulinganisha, bado inaweka 10 kabla ya 9.

Siafu: Msihamishe mada. Ile nil ina kazi: `if a.uniq!` inakujulisha kama kuna kilichoondolewa. Anayeiunganishia nukta na mbinu nyingine, kosa ni lake.

Fundi Chuma: Mada ilikuwa nil tangu lini?