Dawa zinaharibikia dukani, mshahara unaokatwa ni wangu: kazi katika maduka ya dawa Dodoma

Wanajamvi, salaam.

Mimi ni fundi dawa sanifu niliyesajiliwa na Baraza la Famasi, na huu ni mwaka wa tatu nikifanya kazi katika tawi la Dodoma la kampuni yenye maduka ya dawa katika mikoa kadhaa. Jina lake sitalitaja, kwa sababu bado ndiko ninakopata ugali, na kwa sababu kila ninapozungumza na wenzangu wa kampuni nyingine naona kwamba tunatofautiana rangi ya sare tu. Ninalolalamikia ni jambo moja: hasara ya duka imegeuzwa kuwa deni la mfanyakazi.

Mwezi uliopita hati yangu ya mshahara ilikuja na mstari mpya ulioandikwa "upungufu wa stoku", na mbele yake shilingi 193,000. Mshahara wangu ni 480,000. Sikuandikiwa barua, sikuitwa kwenye kikao, wala sikuonyeshwa karatasi ya hesabu. Nilipouliza niliambiwa kwamba tawi limekutwa na upungufu wa shilingi 772,000, tuko wanne, basi tumegawana sawa kwa sawa, kana kwamba tulikwenda kula nyama ya mbuzi na sasa tunachangia bili.

Nilidai hesabu hiyo kwa siku sita mpaka nikapewa, na nilipoisoma sikukuta hata kidonge kimoja kilichoibwa. Sehemu kubwa ilikuwa ni dawa zilizokwisha muda wake. Mambo huwa hivi: matawi ya Dar es Salaam yakishindwa kuuza bidhaa, makao makuu huzihamishia huku zikiwa zimebakiza miezi miwili au pungufu, na mfumo huzipokea kwa bei kamili. Tuliletewa katoni za virutubisho vya bei ya juu na mafuta ya ngozi ambayo mteja wetu wa kawaida, anayetoka sokoni Majengo na elfu tano mkononi akitafuta dawa ya mtoto, hawezi hata kuyaulizia. Niliandika barua pepe mbili nikiomba tusiletewe tena, lakini hazikujibiwa. Muda ulipokwisha tulifanya kama tulivyofundishwa, tukazitenga na kuzibandika alama zisubiri kuteketezwa kwa utaratibu wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Maboksi hayo bado yako stoo, ila thamani yake imekwishatolewa mfukoni mwetu.

Lililoniuma zaidi ni insulini. Wanaoishi hapa wanalijua joto la Novemba, kabla mvua hazijaanza. Usiku mmoja wa Jumamosi umeme ulikatika tukiwa tumeshafunga. Jenereta tunayo, lakini mafuta yake hayanunuliwi mpaka msimamizi wa kanda aombwe kwa WhatsApp na aidhinishe, na usiku huo alikuwa amelala, jambo ambalo simlaumu, kwani hata mimi nilikuwa nimelala. Asubuhi nilikuta kipimajoto cha jokofu kinasoma nyuzi 19, wakati insulini ambayo haijaanza kutumika inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Niliandika kiwango hicho katika kitabu cha joto, nikazitenga chupa zote, nikatoa taarifa kwa maandishi. Taarifa hiyo hiyo ndiyo iliyotumika kunikata. Na mtu mwenye cheo kunizidi aliniambia kwa mdomo, bila haya, kwamba ningenyamaza zingeuzika. Naam, zingeuzika. Angezinunua mgonjwa wa kisukari aliyetoka Kongwa kwa nauli ya kukopa, ajidunge kama alivyoelekezwa, na kama zimepungua nguvu, sukari isishuke, na daktari wake amgombeze kwamba hafuati masharti.

Kiasi kilichobaki kilitokana na madai ya bima yaliyokataliwa. Watumishi wengi wa serikali wanaotoka Mtumba, uliko Mji wa Serikali, hulipiwa na Bima ya Afya, na daktari akisahau sahihi kwenye fomu, dai hurudi. Ni kweli kwamba mtoa dawa anapaswa kuikagua fomu kabla ya kutoa dawa, na katika hili nakubali sehemu yangu. Lakini saa 12 jioni foleni ikiwa imefika mlangoni tunakuwa wawili tu, mimi na mwenzangu ambaye pia ndiye anayepokea fedha, na mfamasia ambaye cheti chake kinaning'inia ukutani mara ya mwisho nilimwona wakati wa ukaguzi.

Sasa tuje kwenye sheria, maana wapo watakaosema kwamba hayo ndiyo masharti ya kazi. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamruhusu mwajiri kukata fidia ya hasara pale tu hasara ilipotokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, baada ya kumpa taarifa ya maandishi yenye sababu na kiasi, na kumpa nafasi ya kutosha ya kujitetea. Tena makato hayo hayapaswi kuzidi robo ya ujira. Robo ya 480,000 ni 120,000. Mimi nimekatwa 193,000 bila taarifa, kwa kosa la umeme na la katoni nilizozikataa kwa maandishi. Sheria hiyo hiyo inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki na hairuhusu zaidi ya saa 50 za ziada katika wiki nne. Sisi tunafanya zamu za saa 12 siku sita, ambazo ni saa 72 kwa wiki, na mstari wa malipo ya ziada haujawahi kuonekana kwenye hati yangu hata mara moja. Mstari wa upungufu ndio uliopata nafasi.

Najua kwamba mgogoro usiohusu kuachishwa kazi unapaswa kufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, na leo ni siku ya 23. Wenzangu watatu hawataki kusaini chochote. Wawili wana watoto shuleni, nami siwalazimishi. Ninaomba yeyote aliyewahi kupeleka makato ya aina hii kwenye ofisi ya Tume hapa Dodoma aeleze jinsi usuluhishi ulivyokwenda, na hasa kama kitabu cha joto kilipokelewa kuwa ushahidi. Msimamizi ameagiza nimkabidhi kitabu hicho Jumatatu asubuhi, na nimekwishapiga picha kila ukurasa.