Makumbusho yamekarabatiwa, picha za enzi ya Tudor hazionekani wala hazielezwi!

Wakuu, heshima kwenu. Leo nina hasira, mnivumilie.

Huku Uingereza, mjini ninapoishi, kuna makumbusho yalifungwa muda mrefu eti wanakarabati ukumbi wa picha za enzi ya Tudor, ukoo wa kifalme wa huku, yaani tangu Henry VII alipotwaa kiti cha ufalme 1485 hadi Elizabeth I alipofariki 1603. Wamefungua, tiketi imepanda, Jumamosi nikawabeba wanangu. Jamani!

Kuta nyeusi tii, taa zote zinapiga kwenye vioo. Ukisimama mbele ya Henry VIII unajiona mwenyewe na taa utosini. Ili uuone uso wake inabidi ujikunje pembeni, na hapo unagongana na mwenzio naye kajikunja. Vioo visivyoakisi vipo, wasinidanganye.

Hilo ningelimeza. Kilichonitibua ni maelezo. Zamani kila picha ilikuwa na kibao: nani huyu, mwaka gani, imechorwa kwenye ubao au turubai. Sasa wamepanga kwa "mada". Chini ya Elizabeth kuna neno moja tu: "Nguvu". Binti yangu akauliza, mbona huyu mama mweupe kama maiti? Swali zuri! Ukiacha poda zao, kwenye baadhi ya picha zile wekundu wa mashavu umepauka kwa miaka 400 ya mwanga. Tena wachoraji walinakili sura ileile iliyokubalika. Malkia anazeeka, picha haizeeki. Bila mwaka utalijuaje hilo?

Sasa njooni kwa John Hawkins. "Baharia na mfanyabiashara." Basi! Biashara ya nini, vitunguu? Mwaka 1562 alibeba Waafrika kutoka pwani ya Sierra Leone akawauza Hispaniola, kisiwa cha Karibiani. Safari ya 1564, Elizabeth mwenyewe alimpa meli. Nembo aliyotunukiwa ina Mwafrika aliyefungwa kamba! Wametundikwa ukuta mmoja, yeye na malkia, na hakuna sentensi hata moja ya kuwaunganisha.

Nikamfuata mhudumu. Akanionesha msimbo wa kuskani, "maelezo yote yako kwenye simu". Nikaskani, ukurasa haufunguki, mtandao humo ndani hakuna. Akanipa fomu ya maoni. Nimeijaza pande zote mbili.

Kama kuna mdau humu anafanya kazi za makumbusho, anijibu: nani hupitisha vibao hivi kabla havijabandikwa? Nataka barua yangu imfikie yeye, siyo kijana wa mlangoni. Na wale wa "kwani ulilazimishwa kwenda", piteni kushoto.