Waliokwenda kuona West Side Story pale Guthrie, Minneapolis: tupeane uzoefu

BintiTanga

Habari zenu wadau wa Minnesota na kwingineko. Naomba tukusanye hapa visa vya waliokaa ndani ya ukumbi wa maigizo wa Guthrie kiangazi kile cha 2018 walipocheza tamthilia ya nyimbo, West Side Story. Uhakiki wa magazeti tulishausoma. Ninachotaka ni wewe uliyelelewa na ngoma na harusi za uani, ambako mtazamaji naye ana sauti yake: ulikaaje gizani saa mbili na zaidi bila kutamka kitu, na neno lilikuponyoka wapi?

Naanza mimi. Wakati ule nilikuwa nahudumia wazee, zamu ya usiku. Bibi mmoja niliyekuwa nikimtunza alikuwa na tiketi mbili, binti yake akaugua, akasema basi twende mimi na wewe. Njiani akanisimulia kwamba anaenda Guthrie tangu ilipofunguliwa mwaka 1963 kwa Hamlet, enzi hizo jumba likiwa jirani na jumba la sanaa la Walker, kabla ya kuhamia kando ya mto Mississippi mwaka 2006. Mimi nilikuwa na miaka sita mjini na sikuwahi kulikaribia lile jengo la buluu.

Kwa asiyejua kisa: ni hadithi ya Romeo na Juliet iliyohamishiwa mitaa ya New York. Magenge mawili ya vijana, Jets waliozaliwa pale na Sharks waliotoka Puerto Rico, wanagombea mtaa. Tony wa huku anampenda Maria wa kule. Ilichezwa Broadway mara ya kwanza mwaka 1957.

Mimi nilinaswa na wimbo wa "America". Kwenye filamu ya 1961 wanabishana wasichana na wavulana, lakini jukwaani wako wasichana peke yao, usiku. Mmoja anakililia kisiwa chake, Anita, msichana wa upande wa Sharks, anamkata kauli kwa kila anachokitaja. Wadau, mabishano yale nayasikia kila Jumapili jikoni kwetu Brooklyn Center, hapa hapa Minnesota! Mmoja anasema akimaliza kujenga Muheza anarudi, mwingine anamuuliza akirudi atakula nini. Maneno yanazunguka hapo mpaka ugali unapoa. Sasa yule msichana aliposemwa, nikasikia mdomo wangu unasema, "Naye mjibu basi!" Kwa Kiswahili, na si kwa kunong'ona. Watu wawili waligeuka. Bibi akanishika mkono, akaushikilia mpaka wimbo ukaisha.

Wakati wa mapumziko akaniuliza nilisema nini. Nikamtafsiria. Akasema mama yake alitoka Norway akiwa msichana, na kila majira ya baridi alikuwa akimjibu mtu asiyeonekana jikoni. Tangu siku ile hatukukosa la kuzungumza.

Haya, karibuni.

DerevaWaUsiku

Asante sana dada kwa hii mada. Mimi ni Mkenya, niko hapa tangu 2009 na naendesha teksi. Watu nimewashusha pale Guthrie mara nyingi sana, nawafungulia mlango, natazama zile picha za waigizaji kwenye kuta za nje, naenda zangu. Kuingia niliingizwa na binti yangu. Alikuwa anasoma dansi shuleni, akaniwekea tiketi kwenye bahasha Siku ya Akina Baba.

Nilifikiri ni mambo ya kuimba na kuruka tu. Na kweli mwanzoni nilifurahi, ile dansi ya ukumbini ambapo magenge mawili yanashindana kwa miguu kabla ya kushindana kwa visu. Ngoma zilitungwa na Maija García, na binti yangu alikuwa ananieleza sikioni mpaka nikamwambia aniache nione.

Halafu yakaja mapigano. Nielezee jukwaa lao kwa wasiolijua: limetokeza mbele, watu wamekaa pande tatu. Kwa hiyo ukiwatazama wanaopigana unawaona pia watazamaji wenzako ng'ambo ya pili, nyuso zao kabisa. Mwezi wa kwanza 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi Kenya, mimi nilikuwa Nakuru. Sitasimulia yote. Nitasema tu kwamba vijana niliowaona na mapanga nilikuwa nikiwajua kwa timu walizochezea mpira. Na walisimama watu hivyo hivyo pembeni, pande tatu, wakitazama.

Aliyeandika ile tamthilia alijua kitu. Tony haendi kupigana, anaenda kuwatenganisha. Lakini akiwa katikati anamzuia rafiki yake Riff, na hapo ndipo kisu kinapomfikia Riff. Kisha Tony, yule yule aliyekuja na amani, anakiokota kisu. Nilijua dakika nzima mbele kwamba atakiokota. Nilisema "Usichukue, kijana." Binti yangu anasema nilisema mara tatu. Mimi naikumbuka moja.

Sehemu ya kwanza inaisha hapo, miili miwili chini, Riff na Bernardo, kaka yake Maria. Taa zikawaka, watu wakapiga makofi, wakaenda kununua vinywaji. Mimi sikuinuka. Mama mmoja wa kazi pale ukumbini, mwenye nywele nyeupe, akaja akauliza kama niko sawa, akaniletea maji, hakuuliza zaidi. Namshukuru hata leo.

Baada ya onyesho tulitoka kwenye lile daraja lao linaloning'inia nje ya jengo, refu mita hamsini na kitu, linaishia hewani juu ya barabara na mbele yako ni mto na maporomoko ya St. Anthony. Hapo ndipo nilimwambia binti yangu habari ya Nakuru kwa mara ya kwanza. Alikuwa na miaka 16. Alikuwa anajua tulihama, hakuwa anajua kwa nini tulihama usiku.

BintiTanga

Kaka, pole sana. Nimesoma mara mbili. Asante kwa kutuamini na hili.

MwanaWaMlandege

Asalaam alaykum jamaa. Mimi mtu mzima, mtoto wa Unguja mjini, mwanangu yuko chuo hapo Minneapolis nami nilikuja kumtazama. Akanipeleka.

Nimekulia kwenye taarab. Baba yangu hakuwa akikosa onyesho la Ikhwani Safaa, na hicho ni kikundi cha tangu 1905, basi mjue nyumba yetu ilivyokuwa. Kwetu wimbo ukikuingia huinuki kwenda nyumbani kuusifu. Unainuka hapo hapo, unakwenda mbele kwa mwendo wako, unamtunza mwimbaji, na yeye anakuona. Labda ule wimbo umekusemea jambo lako na jirani. Kila mtu ukumbini anajua, na hakuna anayesema.

Basi yule Maria alipoimba na Tony pale dirishani kwake, ngazi za nje, sauti ile ilivyopanda, mkono wangu ulishafika ndani ya mkoba. Noti ya dola ishirini ninayo kiganjani. Na jukwaa lenyewe halina pazia wala halijainuka mbali, mimi safu ya pili, hatua nne ningefika. Mwanangu akanishika bega: "Mama, huku hawatunzi."

Nilikaa. Lakini nakwambieni, ilinikereketa mpaka mwisho. Mtu amekupa roho yake namna ile, nawe unamrudishia makofi ya pamoja, hata hajui ni lipi lililokugusa. Tulipotoka pana boksi la michango kwa ajili ya jumba, nikaitia pale ile noti. Si sawa na kumpa mkononi, ila sikutaka kurudi nayo nyumbani.

KitiChaPembeni

Kwa watakaokwenda siku za mbele, maana Guthrie mara nyingi kiangazi huwa na mchezo mkubwa wa namna hii: ukumbi ule wa jukwaa la kutokeza una viti kama 1,100 na usiogope vya pembeni. Ndiyo, utaona migongo ya waigizaji mara kwa mara. Mimi nilikaa kushoto kabisa na wakati wa dansi niliona nyayo za wachezaji zinavyotua, jasho na yote. Treni za mstari wa buluu na wa kijani zinashukia uwanja wa U.S. Bank, unatembea dakika chache tu. Usihangaike na maegesho.

MamaWawili

Mimi nina jambo la kulalamikia, mniwie radhi. Si juu ya uchezaji, uchezaji ulikuwa wa hali ya juu. Ni kosa langu la kwenda na mwanangu wa miaka tisa nikidhani nyimbo ni za watoto kwa sababu tumezisikia kila mahali. Kile kipande cha dukani, Anita anapokwenda kupeleka ujumbe na wale vijana wanamzingira, nilimfunika macho, lakini masikio sikuweza. Usiku aliniuliza walitaka kumfanya nini. Wazazi, someni maelezo ya mchezo kwanza.

Kivu

Jambo wandugu. Mama Wawili nakuelewa kwa mtoto, miaka tisa ni mapema. Lakini miye kipande hicho ndicho kilinifanya nikubali kwamba hawa watu wanasema kweli.

Natoka Uvira, Kongo. Nilikaa kambini Tanzania, Nyarugusu, kabla ya kuletwa hapa. Kwenye nyimbo zetu nyingi na hata michezo ya kuigiza tuliyofanya kambini, mwanamke akifanyiwa vile, mchezo unaruka, unakwenda mbele haraka, kama watu wanapita kaburi usiku. Pale hawakuruka. Na tena walionyesha kinachofuata: Anita alikuja na ujumbe wa kuokoa watu. Baada ya mambo wanamfanyia, anawaambia uongo kwamba Maria ameuawa. Uongo ule ndio unamtoa Tony mafichoni, anapigwa risasi na Chino, kijana wa Sharks. Yaani jeuri waliyomtendea ndiyo ilimwua rafiki yao. Hakuna aliyesimama kuhubiri. Ulikuwa unaona tu.

Ukumbi ulikuwa kimya, lakini kimya kile si kile cha adabu. Nakijua tofauti yake. Mwanaume mbele yangu alikuwa ameinamisha kichwa, hakuinua mpaka Anita ametoka. Miye nilitazama yote, macho wazi. Nilitaka mtu mmoja awe amemtazama mpaka mwisho.

MamaWawili

Mama, nimekusikia. Mwanangu sasa amekua, nafikiri naweza kumwambia sababu ya mimi kumfunika macho. Asante.

MpishiStPaul

Naleta upande mwingine kidogo, kwa heshima zote. BintiTanga, mimi nami wimbo wa "America" ulinigusa, ila tusijifananishe na wale wasichana moja kwa moja. Watu wa Puerto Rico ni raia wa Marekani tangu 1917. Hawaombi viza, hawana siku ya kwenda uhamiaji na bahasha ya makaratasi. Dharau wanayoonyeshwa mle ndani inaonyeshwa raia, na hapo ndipo uchungu ulipo.

Nilikwenda na mwenzangu wa jikoni, mtu wa Ponce, Puerto Rico. Alikwenda shingo upande. Kwao wapo wengi wasioupenda mchezo huu, wanasema walioutunga, Bernstein, Laurents, Sondheim na Robbins, hakuna hata mmoja aliyetoka kisiwani. Na ni kweli, wazo lao la mwanzo mwaka 1949 lilikuwa juu ya Wayahudi na Wakatoliki wa upande wa mashariki wa Manhattan, Puerto Rico ikaja baadaye. Ukisikia hivyo unaelewa kwa nini kisiwa chenyewe mle ndani kimesimuliwa juu juu.

Lakini kumbukeni ilikuwa 2018. Kimbunga Maria kilipiga kisiwa Septemba 2017. Jina hilo hilo. Mama yake mwenzangu aliezuliwa nyumba na mpaka tulipokwenda Guthrie juu ya nyumba kulikuwa na turubai la buluu. Sasa wale wasichana wanaimba, mmoja anataka kurudi nyumbani, watu wanacheka kwa majibu ya Anita, na wimbo wenyewe unachekesha kweli. Nikamwangalia mwenzangu. Hakuwa anacheka wala kulia. Alikuwa anatazama jukwaani tu. Tulipotoka alimpigia mama yake simu, hata kabla hatujafika kituoni.

BintiTanga

Umenisahihisha vizuri, kaka. La uraia nilikuwa silijui siku ile, nililijua baadaye. Na jina la kimbunga halikuwa limenijia akilini kabisa mpaka leo.

Shangazi

Nimechelewa kufika ila nina changu. Kaka yangu aliniletea mwanawe kutoka Mombasa, kijana wa miaka 14, ni kiziwi. Shuleni hapa alikuwa ameshazoea lugha ya alama ya Kimarekani. Nikasikia Guthrie wana siku za maonyesho yenye wakalimani wa alama, nikamkatia tiketi, nikiwa na wasiwasi kwamba nampeleka mtoto asiyesikia kwenye mchezo ambao sifa yake ni muziki.

Wakalimani walisimama pembeni. Nilidhani atawatazama wao muda wote. Hapana. Kwenye maneno aliwatazama wao, dansi ilipoanza aliwaacha kabisa, akaegemea mbele, viganja viwili ameviweka juu ya mbao za kiti kilichokuwa mbele yake. Ngoma zikipiga, naye vidole vinajibu. Mpaka mwenye kiti aligeuka, akaona, akaegemea pembeni kumpa nafasi.

Mwishoni vijana wa magenge yote mawili wanambeba Tony, wanatoka naye, na Maria anafuata. Hapo hakuna neno la kutafsiri. Wakalimani walishusha mikono, wakasimama tu. Kijana wangu alinigusa, akaniuliza kwa alama, "Wamenyamaza wote?" Nikamwambia ndiyo, wote.

Kisha makofi. Yeye alikuwa anapiga kama mimi. Akageuka nyuma, akaona safu mbili nzima wameinua mikono juu, wanaitikisa vidole wazi, ndivyo viziwi wanavyoshangilia. Ukumbi mzima wa watu wanaosikia, na katikati yake mikono ile. Akaacha kupiga makofi. Akainua yake.

BintiTanga

Dada, hayo maonyesho yenye wakalimani huwa siku gani? Nina mtoto wa jirani.

Shangazi

Hutangazwa pamoja na ratiba ya mchezo, huwa siku chache tu kwa kila mchezo. Ukinunua tiketi waambie mapema kwamba unataka viti vinavyowaona wakalimani, maana huwa ni upande mmoja wa ukumbi. Na kama kuna safu iliyo nyuma ya kiti cha mbao, mwombee hiyo.