"Falter": kusita, kuyumba au kukata tamaa?

Mwalimu wa Kisauni:
Assalamu alaikum. Wanafunzi wa kidato cha tatu wamepewa watafsiri: "Her confidence faltered when the questions began." Mmoja kaandika "alisita", mwingine "alikata tamaa", wa tatu "ujasiri wake uliyumba". Nimpe nani alama? Na je, yafaa kusema "The questions faltered her"?

Mfasiri wa Makadara:
Waalaikumu salaam, mwalimu. Wa tatu amekaribia zaidi. Kusita ni "hesitate", na aghalabu huja kabla ya jambo kuanza. "Falter" yataka kitu ambacho tayari kinakwenda, kisha nguvu ikaanza kukatika katikati: feri imeshatoka Likoni, injini ikalegea kabla ya kufika ng'ambo. Kukata tamaa ni kupita kiasi, maana aliye-"falter" aweza kujikaza akaendelea.

Hiyo ya swali la pili ni kosa. Mtu hawi yambwa wa kitenzi hiki. Sema "The questions unnerved her" au "shook her confidence". Kinachoweza kufuata ni maneno yenyewe yaliyotamkwa: "I... I don't know," she faltered. Hapo tafsiri yake ni "alisema kwa kubabaika".

Bint Mvita:
Yakhe, kwa "kuyumba" sikubaliani. Chombo huyumba huku na huku, na hiyo ndiyo "waver": mtu yuko baina ya mawili, hajui ashike lipi. "Falter" haina pande mbili, ni nguvu kupungua tu. Mimi ningeandika "kujiamini kwake kukatetereka".

Tena tazameni kiima. Sauti hukatikakatika, hatua hulegalega, uchumi huzorota. Anayeshika neno moja la Kiswahili kwa zote atachekesha.

Mfasiri wa Makadara:
Hoja ya "waver" naikubali, dada. Basi mwalimu, wa tatu mpe nusu.

Waonye pia kuhusu tahajia: "faltered", r moja kabla ya -ed, kwa kuwa mkazo uko silabi ya kwanza. "Referred" ina mbili kwa sababu mkazo uko mwishoni. Wengine huisikia "fault" humo ndani wakaandika "alikosea", na maana ikapotea kabisa.

Mwalimu wa Kisauni:
Shukrani sana. Na "was faltering"?

Bint Mvita:
"Kulikuwa kukitetereka." Usiandike "kulitetereka", hiyo ni "faltered".